Mwanao anaweza kutunga hadithi yake mwenyewe

Maadamu leo ni Jumapili na mwanao hana haraka ya kwenda popote, hebu chukua daftari lake la insha usome ukurasa wowote. Huenda ukakuta kwamba siku hiyo jua lilikuwa limechomoza kwa madaha, ndege walikuwa wakitumbuiza matawini, na mwanao alirauka, akapiga mswaki, akaoga, akastaftahi, kisha akatoka shoti kama mshale. Fungua insha ya wiki iliyofuata, iwe ni ya harusi, ya ajali au ya mazishi ya jirani. Utakuta jua lile lile na ndege wale wale. Hata kwenye mazishi ndege wanatumbuiza!

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya msingi ya umma hapa Nairobi, upande wa Eastlands, na nimelisahihisha jua hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Usije ukadhani nawalaumu watoto. Mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulimpa mtahiniwa dakika 40 aandike insha ya alama 40, na mtoto aliyekuwa na akiba ya mafungu ya maneno aliyoyakariri hakuhitaji kupoteza wakati akifikiri. Mtihani umekwenda zake lakini mafungu yamebaki. Kaka na dada wamewarithisha wadogo zao kama vile wanavyowarithisha sweta.

Sina ugomvi na tamathali za usemi. Mtoto asiyejua methali hata moja hunitia huzuni pia. Linalonisumbua ni kwamba mtoto huyo huyo, wakati wa mapumziko, ukimsikiliza akiwasimulia wenzake jinsi askari wa kanjo walivyomfukuza muuza mayai hadi ndani ya matatu, utacheka mpaka mbavu ziume. Anajua aanzie wapi, anajua anyamaze wapi ili wenzake waulize "halafu?", na anaiga sauti ya kila mtu. Kengele ikilia, akiketi na kushika kalamu, anakuwa kasuku. Hadithi imebaki uwanjani.

Miaka michache iliyopita nilianza kutumia hadithi za mtandaoni darasani, na ndiyo habari ninayotaka kukueleza, kwa sababu najua wazazi wengi wakisikia neno mtandao katika sentensi moja na neno mtoto hushtuka. Wana haki kushtuka, nami nitafika huko.

Upo mradi uitwao African Storybook. Ulianzishwa na Saide, shirika la elimu la Afrika Kusini, na tovuti yake ikafunguliwa mwaka wa 2014. Ulijaribiwa katika shule na maktaba za Kenya, Uganda, Afrika Kusini na Lesotho. Humo mna hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia zile zenye maneno machache ya kwanza hadi zile ndefu ambazo mtu mzima humsomea mtoto. Kusoma ni bure. Wahindi nao wana tovuti yao inayofanana na hiyo, StoryWeaver, iliyofunguliwa na shirika la Pratham Books mwaka wa 2015, na humo pia utapata hadithi za Kiswahili.

Wengi huishia hapo kwenye kusoma. Mimi nilivutiwa zaidi na ule mlango wa pili, kwamba mtu anaweza kutunga. Unapewa ghala la picha, unachagua moja, unaiweka kwenye ukurasa na kuandika sentensi mbili tatu chini yake. Kisha unafungua ukurasa mwingine. Kitabu kikiisha unaweza kukipakua na kukichapisha kwenye karatasi.

Darasa langu la Gredi ya Tano lina wanafunzi 58, na mimi nilikuwa na kipakatalishi kimoja na projekta moja. Kwa hiyo siku ya kwanza tulitunga sote pamoja. Nilipachika ukutani picha ya mama aliyeketi nje ya nyumba, nikawaambia watoto kuna sharti moja tu: usiandike jambo usiloliona kwenye picha au ambalo picha haikukupa sababu ya kuliwaza.

Mikono ikainuka. "Mwalimu, jua lilikuwa limechomoza kwa madaha."

"Liko wapi?" nikauliza.

Vichwa 58 vikaanza kulitafuta jua. Halikuwepo. Palikuwa na kuku. Kukawa kimya, kile kimya ambacho mwalimu hukiogopa, halafu msichana wa dawati la nyuma akasema, "Kuku anamwangalia mama kama anamdai." Darasa likaangua kicheko, nami nikaiandika sentensi hiyo. Kwa nini anamdai? Anadai nini? Kufikia mwisho wa kipindi tulikuwa na kurasa sita na kuku mwenye kisa kirefu.

Nimejiuliza mara nyingi picha inafanya kazi gani hapo. Nadhani ni hivi. Mtoto anapopewa kichwa cha insha na karatasi tupu, anatakiwa awaze jambo la kusema, alipange, akumbuke ngeli, aandike kwa hati safi, na amalize kabla ya kengele, yote kwa wakati mmoja. Mafungu ya kukariri ni gongo la kumwegemeza. Ukimpa picha na ukurasa mdogo wenye nafasi ya sentensi tatu, mzigo umegawanywa. Anashughulika na jambo moja, kisha jingine.

Halafu kuna kusahihisha. Katika daftari, kusahihisha ni adhabu. Kuna wino mwekundu, kuna ufutio unaotoboa karatasi, na mtoto akiambiwa arudie insha nzima anaona kama amechapwa. Kwenye kioo cha tarakilishi sentensi huhama bila kuacha kovu. Watoto wangu waligundua wenyewe kwamba mwanzo wa hadithi yao ulikuwa ukurasa wa tatu, na kwamba kurasa mbili za kwanza hazikuwa na kazi. Wakazifuta kwa shangwe. Hebu fikiria mtoto anayefurahia kufuta alichokiandika!

Tulipomaliza kitabu cha kwanza tuliwasomea watoto wa Gredi ya Pili, na hao hawana huruma. "Kwa nini kuku hakula mahindi yaliyokuwa hapo?" mmoja akauliza. Waandishi wangu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amefikiria. Jioni hiyo walikataa kwenda nyumbani mpaka wapate jibu.

Usidhani kila kitu kilikwenda mserego. Picha nyingi tulizozikuta zilikuwa za mito, mbuzi na mashamba, jambo zuri kwa mtoto wa Turkana au wa Kitui, lakini wangu wamezaliwa kwenye ploti ghorofa ya nne. Walitaka matatu, walitaka muuza maji na mkokoteni wake, walitaka stima ikipotea wakati wa mpira. Tukachora wenyewe kwa penseli, nikazipiga picha kwa simu na kuzitia kwenye tarakilishi. Mvulana mmoja, ambaye kwa mihula miwili alikuwa akinipa nusu ukurasa tu, alichora makanga anayening'inia mlangoni na kumwandikia hadithi ya abiria mzee anayedai chenji ya shilingi ishirini kutoka Kayole hadi katikati ya jiji. Michoro yake haikuwa mizuri. Hadithi ilikuwa nzuri mno.

Wakubwa kidogo nawapeleka kwenye Scratch, programu iliyotengenezwa katika chuo cha MIT huko Marekani na kufunguliwa kwa umma mwaka wa 2007. Mtoto hupanga vipande vya amri kama matofali, na wahusika wake wanatembea na kuzungumza kiooni. Amri zake zinaweza kusomwa kwa Kiswahili, na ipo ya kupakua inayofanya kazi bila intaneti, jambo ambalo mwenye kununua bando kwa pesa zake atalithamini. Humo nilipata somo la mazungumzo ambalo sikuwahi kulifunza kwa chaki. Mtoto akiwafanya wahusika wawili waseme kwa wakati mmoja, hakuna anayesikika. Lazima mmoja angoje mwenzake. Baada ya wiki mbili za kupanga nani aseme na nani angoje, alama za usemi katika madaftari zilianza kukaa mahali pake.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, maana utanuna na leo ni siku ya kupumzika. Wakati wa uchaguzi wa 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Mwaka wa 2016 shule zilianza kupokea tableti pamoja na projekta. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka wa 2019, unataja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba ambao kila mtoto anapaswa kuupata. Yote ni mema. Lakini najua shule ambazo tableti hizo zimefungiwa kwenye kabati la chuma, betri zimekufa, na anayebeba ufunguo ana mikutano kila siku. Mimi nilitumia projekta na kipakatalishi changu, na ninachokueleza kinaweza kufanywa hivyo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Muhula uliopita, msichana mmoja mpole, ambaye insha zake zote zilikuwa na jua na ndege, alichora mlango wenye kufuli. Kufuli lilikuwa kubwa kuliko mlango. Hadithi yake ilikuwa ya wanyama. Mama Sungura na watoto wake wawili wanarudi jioni kutoka sokoni na kukuta Fisi amefunga mlango wao kwa kufuli lake. Sufuria ziko ndani, sare za shule ziko ndani, hata paka yuko ndani. Mama anamwomba Fisi angoje mwisho wa mwezi. Fisi anajibu kwamba mwezi una mwisho wake na yeye ana wake. Wanakwenda kulala kwa jirani, Kobe, ambaye nyumba yake ni ndogo mno, na usiku kucha Kobe analala ameingiza kichwa na miguu ndani ya gamba ili wageni wapate nafasi ya kunyosha yao. Asubuhi mtoto mdogo wa Sungura anakwenda shuleni bila sare. Mwalimu anamwuliza iko wapi. Ukurasa wa mwisho una sentensi moja: "Mtoto akasema imeloa."

Darasa lilicheka pale kwa Kobe. Kwenye ukurasa wa mwisho halikucheka. Kisha wakaanza kupiga kelele kwamba hadithi hiyo iende mtandaoni ili watu wote waisome. "Mwalimu, bonyeza! Bonyeza!"

Sikubonyeza, na nitakueleza sababu. Hadithi za African Storybook hutolewa kwa leseni huria. Maana yake ni kwamba mtu yeyote, popote alipo, ana ruhusa ya kuitafsiri, kuibadilisha na kuichapisha, maadamu amemtaja aliyeitunga. Kwa hadithi ya kuku anayedai mahindi, hiyo ni neema tupu. Kwa hadithi ya kufuli, jina la mtoto lingesafiri pamoja na kufuli lake, na hakuna ambaye angeweza kuviita virudi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa. Nilichapisha nakala moja saibani, nikaenda kumwona mama yake.

Anauza sukuma wiki na nyanya kando ya barabara. Alifuta mikono kwenye leso, akaanza kusoma akiwa amesimama, na alipofika katikati akaketi juu ya kreti.

"Mwalimu, ni yeye aliyeandika haya?"

"Ni yeye, mama. Hakuna aliyemsaidia."

"Mimi hajawahi kuniambia." Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akausoma tena. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Na wale wenye ploti, si watoto wao pia wanasoma hapo kwenu? Maana sisi bado tunakaa kwake."

Unaona, msomaji? Mimi nilikuwa nimefikiria wageni wa mbali watakaosoma. Yeye alifikiria msomaji aliye karibu, anayekusanya kodi. Akasema hadithi ni nzuri na asingependa kuizima, ila kama ingewezekana kufuli litolewe, isemwe tu kwamba mlango uliharibika.

Nilimpelekea binti ujumbe wa mama yake. Hakubisha. Alikaa na karatasi yake siku nzima, hata wakati wa mpira, na saa kumi akaja mezani kwangu. "Mwalimu," akasema, "kama mlango uliharibika, wangeita fundi."

Nilikosa la kumjibu, kwa sababu ni kweli. Ukitoa kufuli, Kobe hana haja ya kujikunja, na sare haiwezi kuloa. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amejua kipi katika hadithi yake kinabeba vyote vingine, na watu wazima wengi wanaoandika hawajui hivyo. Basi tukaafikiana watatu sisi. Kufuli likabaki, hadithi haikwenda mtandaoni. Tulichapisha nakala tatu bila jina kwenye jalada, kwa shilingi kumi kila ukurasa. Moja iko kwenye sanduku la vitabu la darasa, moja anayo mwenyewe, na moja aliichukua mama.

Baadhi ya walimu wenzangu wameniambia nimemnyima mtoto wasomaji, na kwamba faida ya zana hizi ni kumpeleka mtoto mbele ya ulimwengu. Nimewasikiliza lakini sikubaliani nao. Msomaji wa kwanza wa hadithi hiyo alikuwa ameketi juu ya kreti ya nyanya, na sidhani ulimwengu ungekuwa na wa kumzidi. Binti akifika umri wa kupima mwenyewe, nakala anayo. Siku hizi insha zake hazina ndege tena. Ile ya mdokezo ya mwezi uliopita ilianza na harufu ya mafuta taa.

Kwa hiyo, mzazi, ukiletewa karatasi ya idhini kutoka shuleni, usiitie sahihi huku ukipanda matatu. Uliza jina la mtoto litaonekana au la, picha yake itatumika au la, na kama hadithi inaweza kuondolewa baadaye. Kisha soma hadithi yenyewe.

Nisisahau zile programu zinazoandika zenyewe. Tangu ChatGPT itokee mwishoni mwa mwaka wa 2022, simu ya kaka mkubwa inaweza kutoa insha nzima kabla chai haijapoa. Mvulana mmoja aliniletea moja ya harusi, isiyo na kosa hata moja. Nikamwambia afunge daftari anisimulie. Hakujua bibi arusi alikuwa nani wake. Sikumwadhibu, nilimpa picha na penseli. Baadhi ya watu huziweka zana zote hizi kapu moja kwa kuwa zote ziko mtandaoni, nami huwauliza swali moja tu: baada ya kuitumia, ni nani aliyefikiri?

Ukitaka kujaribu nyumbani, huhitaji projekta. Simu yako inatosha, na ukipakua hadithi mara moja zitasomeka baadaye bila bando. Mwache mtoto achague picha mwenyewe, hata kama unaona kachagua vibaya. Mwulize anaona nini, halafu unyamaze. Hapa ndipo wazazi wengi hushindwa, maana sekunde kumi za kimya huonekana kama saa, na mkono unawasha kumpa sentensi yako. Aseme kwanza kwa mdomo, kwa lugha yoyote iliyomjia, hata ikiwa Sheng. Tahajia itangoja. Kama bibi yake yuko, mwite aje asikilize, wale waliokua wakiitikia "Pakawa!" wanajua kuuliza maswali kuliko sisi. Na kama hakuna picha inayomfaa, mpe penseli achore, kama yule mvulana wangu wa matatu. Sasa amefika ukurasa wa kumi na nne, matatu imekwama Jogoo Road, na yule mzee bado hajapewa chenji yake.